Drani, usiitoe mashine ya leja kwanza

Kampala, Jumatano usiku

Drani ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, mama malaria imemwachia, Kato amerudi shule. Mengine tutaongea. Hamida kaniambia leo mchana kwamba wikendi hii unataka kuitoa mashine ya leja (kompyuta pepe inayotunza hesabu za akiba) kwenye klasta, yaani zile seva zinazosaidiana, na kuirudisha kwenye seva moja kama zamani. Tafadhali, usiiguse kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho.

Picha ya skrini uliyomtumia nimeiona. Umechora duara jekundu kwenye "error", mstari wa chini kabisa. Najua neno hilo linavyotisha, hasa meneja wa sako, chama chenu cha akiba, akiwa amesimama nyuma ya kiti chako. Lakini kwenye Proxmox, programu inayoendesha klasta yenu, "error" haisemi kwamba mashine imekufa. Inasema kwamba msimamizi wa klasta, ile sehemu ya programu inayoziangalia mashine, amejaribu yote aliyoruhusiwa, yamemshinda, na sasa amejitoa ili asiharibu zaidi. Kama hukubadilisha mpangilio, anaruhusiwa kuiwasha upya mara 1 palepale ilipo, kisha kuihamisha mara 1, basi. Baada ya hapo anamngoja mtu. Ndiyo maana ulibonyeza kuwasha, ukabonyeza tena, na hakuna kilichotokea.

Sasa anza juu, ndugu yangu, usianze chini. Kwenye picha hiyohiyo akidi ipo (nodi, yaani seva, zilizo hai zinatosha kuamua), msimamizi yuko nodi ya pili na anafanya kazi, lakini nodi ya kwanza imeandikwa "old timestamp - dead?". Yaani haijaripoti kwa muda. Habari yote iko hapo. Umeme ulikatika, betri ya nodi ya kwanza haikushika, klasta ikaihamisha leja. Ilifanya kazi uliyoiwekea! Lililokwama ni leja kuwaka huko ilikohamia.

Na zile dakika kama 2 ambazo meneja analalamikia, zina sababu. Nodi ikinyamaza, wenzake hawajui kama imezima au ni waya tu umechomoka. Wakiiwasha leja kwingine na huku ya kwanza bado inaandika, diski moja itaandikwa na mashine mbili, na hapo akiba za watu zitavurugika kabisa. Kwa hiyo nodi yenye huduma ikipoteza akidi, saa yake ya ulinzi huhesabu sekunde 60 na kuiwasha upya kwa nguvu. Wenzake husubiri hadi wawe na hakika kwamba imeiachia leja. Siku ile swichi ilipochomolewa na nodi ya tatu ikajiwasha upya yenyewe, haikuwa mbovu. Usiinunulie kitu.

Nirudi kwenye leja. Nadhani ile CD ya kusakinishia, ambayo ni faili tu, bado imechomekwa kwenye mashine. Faili lake liko kwenye diski ya ndani ya nodi ya kwanza peke yake, kwa hiyo nodi ya pili ilipojaribu kuiwasha haikulikuta, na ya tatu vilevile. Fungua vifaa vya mashine utazame. Ukilikuta, liondoe, kisha andika amri hii:

ha-manager set vm:100 --state disabled

Weka namba ya mashine yako badala ya 100. Kutoka kwenye "error" hakuna njia nyingine ila kupitia "disabled". Ngoja hadi "error" iondoke, ndipo uiagize "started". Usiiache kwenye "disabled" ukaenda kulala, maana nodi ikianguka usiku haitahamishwa.

Jambo moja nililotaka kumwambia hata Hamida: kuna hali uliyoiagiza na kuna hali iliyopo. Mhasibu wenu alipoizima leja kutoka ndani ya Windows ikajiwasha tena, mkasema ina jini. Agizo lilikuwa "started", na msimamizi akalitii. Akitaka izime, aizimie kwenye Proxmox, agizo nalo litabadilika.

Seva moja siku ikiharibika Jumamosi, akina mama wa sokoni wataambiwa nini? Hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana ile pesa ni ya mbegu na karo.

Sasa nijibu. Diski ya leja iko kwenye hifadhi ya pamoja inayofikiwa na nodi zote, au iko ndani ya nodi ya kwanza? (Kama iko ndani, acha yote niliyosema, nipigie kwanza.) CD umeikuta? Nodi ya kwanza imewaka, au bado mnangoja betri? Chelezo (nakala ya dharura) ya mwisho ni ya lini, na umewahi kuirejesha ukaona inafunguka? Meneja umemweleza nini hadi sasa? Na mama Sauda, ameshatoka hospitali?

Rafiki yako,
Nakku