Barua kwa mwanangu Nuru: dirisha lililomo ndani ya 明

Mwanangu Nuru,

Umeuliza kama herufi 明 (husomwa míng), uliyopewa na mwalimu wako wa Kichina, inafaa kuwa jina. Inafaa, maana ndiyo nuru yenyewe. Ila utaambiwa kila mahali kwamba ni jua, 日, na mwezi, 月, vikang'aa pamoja. Hiyo ni nusu ya habari. Kwenye mifupa ya ramli ya enzi ya wafalme wa Shang huko China, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, iliandikwa kwa sura mbalimbali: mara jua na mwezi, mara dirisha na mwezi. Mwanazuoni Xu Shen, katika kamusi aliyoikamilisha mnamo mwaka 100, aliitanguliza ile ya dirisha: 朙. Nami naipenda zaidi hiyo: chumba kina giza, mbalamwezi inapenya dirishani. (Dirisha lenyewe, 囧, mnamo 2008 lilivuma mtandaoni kwa vijana wa China kama uso uliofadhaika.) Ndiyo maana míngbai ni kuelewa, na míngtiān ni kesho.

Sauti uichunge. Míng hupandishwa, kama unavyouliza “Eh?” Ukiiangusha inakuwa mìng, 命, yaani uhai au majaliwa. Tena jina la ukoo hutangulia, na hapo ndipo watu huumbuka. Ukijipa ukoo wa Wú, 吴, utaitwa Wú Míng, na masikioni mwa Mchina hilo ni “asiye na jina”. Ukoo wa Lí, 黎, unakupa Límíng, alfajiri. Zuri mno, lakini tayari ni jina la mwimbaji maarufu wa Hong Kong, Leon Lai. Xiǎo Míng usiliguse kabisa: ndiye mtoto wa kwenye hesabu za shule na vichekesho, Juma wao. Chukua Lín, 林, msitu.

Kuandika ni mistari 8. Jua: wima wa kushoto, wa juu unaokunjwa kulia bila kunyanyua kalamu, wa katikati, wa chini. Mwezi: wa kushoto unaopinda nje mguuni, wa juu unaokunjwa na kuishia kwa ndoano, kisha miwili mifupi ya ndani. Ukilipanua jua, herufi inasomeka mbili, 日月. Libane lisifike nusu ya kisanduku, likae juu kidogo, mwezi ndio ushuke. Ukizidisha mstari mmoja ndani ya jua, umeandika jicho, 目.

Jaza ukurasa mmoja wa visanduku, unitumie picha.

Baba yako