Mambo ya komini mutusomee mu Kiswahili, njo luga yenye tunalipiamo takse

Bwana redakteri, jambo kwenu bote ku gazeti.

Mi niko mama wa soko, niko nauzisha maharagi na ndakala, tusamaki tudogo twa kukauka, mu soko moya ya kartie hapa Lubumbashi, nilianza wakati mutoto wangu wa kwanza alikuwa ku mugongo na leo ule mutoto iko na batoto bake. Komini yetu, ile serkali ndogo ya sehemu yetu ya muji, sitaitaja jina, juu siandike hii barua ya kushitaki mutu, naandika juu ya desturi moya yenye naona inatuumiza, na najua batu ba komini zingine bakisoma hapa batasema ndiyo mama, na kwetu ni vile vile.

Naanza na ile asubui. Ilikuwa mwisho ya mwezi wa kenda, mvula ilikuwa haiyaanza lakini ile joto ya mbele ya mvula ilishaingia mu muji, jakaranda zilishaanza kutosha maua, na sisi tulifika ku soko saa kumi na mbili sawa kila siku tukakuta bakijana na mapiki na kamio moya beko nabomoa meza zote zenye zilikuwa juu ya kanivo, ule mufereji wa kupitisha mayi. Meza yangu ilikuwa ya tatu. Ya ine ilikuwa ya nkambo moya, mama mukubwa mwenye sisi bote tunaheshimu mu ule mulongo, yeye alikuwa ameacha mufuko ya maharagi chini ya meza na ametandika hema juu yake, kijana alivuta mbao bila kuangalia, mufuko ikaanguka mu mayi meusi ya kanivo ikapasuka. Ile mufuko alikamata mu deni. Tulipiga magoti tukaokota na mikono, maharagi ikisha kukunywa ile mayi hakuna mutu unaweza kumuuzishia, tuliimwanga yote.

Nikamuuliza mukubwa wa ile kazi, baba, kosa yetu ni nini? Hakunikasirikia, natoa ushuhuda ya kweli, alitosha karatasi akanionyesha, kashe iko, sinyatire iko, Kifaransa kuanzia juu mupaka chini. Akanifasiria kama konsei, njo baraza ya komini, ilikata shauri tangu mwezi wa munane, meza zote zenye kuwa juu ya kanivo zitoke mbele ya mvula, na balitupa siku makumi tatu ya kuzitosha sisi benyewe, kisha hapo komini inazitosha na mwenye meza analipa amande, njo faini. Na hii karatasi ilibandikwa? Ilibandikwa mama. Wapi? Ku biro ya komini, mu kulwari, ku ukuta. Sasa nani kati ya bamama ba ndakala anaendaka kusimama mu kulwari ya komini kusoma ukuta?

Musikilize muzuri hapa, juu hapa njo batu banapoteza njia wakianza kuongea hii mambo. Ile shauri ilikuwa ya haki. Mi mwenyewe ningekuwa mu ile konsei ningenyanyua mukono. Kanivo ya soko yetu inapokea mayi ya avenyu tatu, sisi tuliifunika na meza, chini ya meza tunasukumiamo maganda, masashe, vichwa ya samaki, na mvula ya mwezi wa kumi na moya ikikuya, unajua mvula ya hapa vile inamwangika kwa mara moya, mayi inakosa njia, inapanda mu balabala, inaingia mu lupango za nyuma, inajaza vyoo na ile ya choo inatoka inje inachanganyika na mayi ya kisima. Kisha hapo batoto banaanza kuhara na kutapika, na hapa Lubumbashi tunajua kipindupindu ni nini, haiko hadisi ya mbali. Kwa hiyo kutosha meza ilikuwa kazi ya lazima na kuikata mu mwezi wa munane, wakati wa kipwa, ilikuwa akili, juu kanivo inasafishwa ikiwa kavu. Bakonseye balifanya kazi yao. Kama balituambia tu, tungezitosha na mikono yetu, tungetafuta fasi ingine pole pole, mbao zetu zingekuwa nzima na nkambo hangekuwa na deni leo.

Basi nilikasirika, halafu kasirani ikaisha nikabaki na swali, vile vikao vinapitaka namna gani? Kijana wangu akaniambia mama, wende uone. Tulienda bamama batano. Ku mulango tukauliza kama mutu wa inje anaweza kuingia, sekretere akasema mukaliye nyuma, hakuna shida.

Kikao kilianza na peve, njo maandishi ya mambo yenye yalisemwa, ya kikao cha mbele, dakika makumi ine ya kusoma na kubishana juu ya neno moya yenye konseye moya alisema haiko njo alisema. Sichekelee ile, peve ni kitu ya maana, neno ikiandikwa vibaya leo kesho inakuwa sheria. Lakini yote mu Kifaransa. Kijana wa mwenzangu, mwenye alisoma mupaka ya sita, alikuwa anatufasiria mu sikio, na yeye mwenyewe nyuma ya kidogo akapotea, akanyamaza. Tulikaa pale sawa batu benye kuangalia filimu bila sauti. Bananyanyua mikono, bananyosha, bamekata shauri, na hatujue kama bamekata juu ya choo ao juu ya nyumba zetu.

Kisha kukakuwa mapumziko, tukatoka mu kiwanja, na hapo konseye moya, muzee wa kartie yetu, akatukaribia akasema bamama mumesikia? Tukasema hapana muzee, hatukusikia kitu. Akasimama na sisi chini ya muti wa embe na mu dakika kumi, mu Kiswahili yetu hii hii, akatueleza yote. Choo ya soko imejaa, kuko hesabu ya kulipa kamio ya kuinyonya, na ile hesabu imefanywa na makuta yenye choo inaingizaka kila siku. Hapo mwenzangu akamukatisha, akamuambia muzee, ile choo inafungwaka saa sita ya muchana, mwenye funguo anaendaka kwake na harudi, mangaribi bote tunaenda mu majani nyuma ya depo ya makala. Ule muzee alishangaa sana. Akasema basi hesabu yetu haiko ya kweli. Ndani banakaa saa mbili nzima na hesabu yenye kukosa, na mwenye kuwa na jibu iko nyuma yao ku kiti, anakosa paka luga.

Na ya pili ilinigusa mimi mwenyewe. Banaongea juu ya batoto benye habaandikwi ku eta-sivili, biro ya kuandikisha bazaliwa. Muzee akatuambia vile sheria inasema, Kode ya familia yenye balirekebisha mu 2016, kama mutoto anazaliwa unapewa siku 90 ya kumuandikisha ku komini, na ikipita siku 90 unaenda mupaka ku tribinali kutafuta hukumu, hapo kuko safari, kuko makuta, kuko urudie kesho. Redakteri, mi nilikuwa na mujukuu wangu ku mugongo pale pale. Mujukuu wa miezi mbili na nusu. Hakuandikwa. Nilihesabu na vidole, zilibaki kama siku kumi na tano. Kesho yake asubui baba yake alipanda na karatasi ya matarnite, leo mutoto iko na akti yake. Na nilikaa saa mbili ndani ya ile sale beko naongea juu ya batoto sawa ule wangu, na sikusikia.

Sasa niseme kitu yenye iko mu roho. Tarehe 20 ya mwezi wa kumi na mbili 2023 tulichagula bakonseye ba komini, mara ya kwanza tangu kuko hii Konstitusyo, sheria kubwa ya inchi, ya 2006, na haikukuwa inchi nzima, ilikuwa paka mu komini za miji zenye kuwa vichwa vya majimbo, kwa hiyo sisi ba Lubumbashi tulipata baraka yenye bengine bangali nangojea. Mu kampanye bote balikuya ku soko. Balisimama juu ya meza zetu, zile zile za kanivo, na balisema Kiswahili, Kiswahili tamu ya kutuita mama, ya kutuita yaya, hakuna hata moya mwenye alikosa neno ya Kiswahili juu ya soko, juu ya choo, juu ya kanivo. Ile luga ilienda wapi? Baliachilia wapi?

Bengine batasema luga ya kazi ya serkali ni Kifaransa. Ndiyo, Konstitusyo inasema vile, luga ofisieli ni Kifaransa. Lakini ile ile artikle ya kwanza inaandika luga ine za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na artikle ya 142 inasema sheria ikisha kusainiwa, guvernema inapashwa kuieneza mu Kifaransa na mu kila moya ya hizi luga ine mbele ya siku 60. Sasa kama sheria kubwa ya inchi inapashwa kunifikia mu Kiswahili, karatasi ya komini juu ya meza yangu ya mbao itakosa namna gani? Sisemi bakonseye batupe Kifaransa inje. Peve ibakie mu Kifaransa kama inapashwa kwenda kwa burugumestre, kwa mere, kwa guverneri. Naomba tu kwamba mbele kikao kifungwe, mutu moya asimame atusomee mu Kiswahili mashauri yenye yamekatwa, na bei, na tarehe.

Na bengine nimesikia banasema maneno ya sheria hayapatikane mu Kiswahili. Hapana. Mu kanisa tunasikia mambo mazito kuliko kanivo na tunasikia mu Kiswahili. Wakati kijana na binti banataka kufunga ndoa, padri anasoma majina yao yenga tatu, njo Jumapili tatu, mbele ya bakristu bote, juu mwenye kuwa na neno aseme mbele ndoa haiyafungwa. Yenga ya kwanza unaweza kukosa misa, ya pili unaweza kuwa mugonjwa, lakini ya tatu utasikia ao jirani atakuambia. Ile desturi naipenda sana na njo yenye nalomba ku soko. Shauri yoyote yenye inagusa soko isomwe na megafone siku tatu, siku ya posho moya, njo Jumamosi, iwe ndani juu njo siku batu bote banakuyaka, kisha ibandikwe ku kibao ku mulango ya soko, mu maandishi makubwa. Makuta ya kibao haiko mingi. Ku soko tunalipa takse kila asubui na mwenye kukusanya hajakosa hata siku moya kutufikia, yeye iko na miguu na sauti, anaweza kubeba na habari.

Kuko na ile mambo ya makabila, kama Lubumbashi iko na Babemba, Baluba, Balunda, Basanga, na bengine bengi benye balikuya na njia ya reli na kazi ya mine. Sawa, lakini ni Kiswahili njo ilitukutanisha. Marehemu baba yangu alitumika ku mine na alituhadisia mambo ya 1957, wakati muji ulikuwa bado Elisabethville na balichagula ba konsei ba kwanza mu komini, zile za batu beusi zilikuwa ine, Albert, Kenya, Katuba na Ruashi. Alisema ku kazi na mu kambi, mu mulongo ya kuvota, batu balikuwa naongea Kiswahili. Kisha komini ikaitwa zone, kukakuwa komisere wa zone, kisha ikarudi komini, majina imegeuka mara ngapi, na luga ya batu ba mulongo ni ile ile.

Kuko bamwalimu mu kartie, bengine bamepata pansyo, banajua Kifaransa na Kiswahili muzuri, nimeshaongea na babili na bamekubali kufasiria peve bila kulipwa. Komini ibaite tu.

Nkambo amerudi ku soko. Anauzishia chini, ku kipande ya kitambala, mbali na kanivo, na kila siku ya posho anapunguza kidogo ile deni ya mufuko. Kikao kingine kinakuya, tutakwenda bamama kumi na mbili, na maulizo yetu tumeshaandika ku karatasi mu Kiswahili, ya kwanza ni juu ya funguo ya choo, ya pili ni nani atalipa mufuko ya nkambo.

Mama wa ndakala, Lubumbashi