Kisigino cha mtoto wa Tanga hakina damu?

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Gazeti lenu nimelisoma tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipouhamishia mji wetu mkoa mwingine. Ila ile habari ya kuwapima watoto wachanga magonjwa ya kurithi imenikaa kooni.

Mwandishi wenu aliyaeleza vizuri ya Uingereza: mtoto akifikisha siku tano mkunga humchoma kisiginoni, matone ya damu hudondoshewa kwenye karatasi maalumu, karatasi ikakaushwa na kupelekwa maabara. Akamtaja Dk. Robert Guthrie, Mmarekani aliyeuanzisha utaratibu huo miaka ya 1960 kwa ajili ya feniliketonuria, maradhi ambayo mwili hushindwa kuvunjavunja kipande kimoja cha protini na ubongo wa mtoto ukaharibika asipopewa mlo wake mapema. Mpaka hapo sina neno. Kisha akamalizia kwamba "kwa bahati nzuri" mambo hayo ni nadra kwetu Waafrika.

Bahati nzuri ya nani? Feniliketonuria ni nadra huku, sibishi. Sikoseli je? Maelfu ya watoto wa nchi hii huzaliwa nayo kila mwaka, na wengi huzikwa kabla ya miaka mitano, nyumbani pakisemwa ni malaria au ni jicho la mtu, wakati mtoto akijulikana mapema hupewa penisilini ya kila siku na wazazi wakafundishwa kupapasa bandama. Kisha kuna upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu zisipasuke. Huo ni wetu kabisa. Umeenea palipo na malaria, hupitia kwa mama, na hukamata zaidi watoto wa kiume. Mtu anaweza kuzeeka nao asijue, ilimradi asikutane na vitu fulani: dawa kama primakwini na dapsoni, au vile vidonge vyeupe vya nafthalini tunavyotupia ndani ya nguo.

Navijua kwa sababu vimepita nyumbani kwangu. Binti yangu alijifungua mtoto wa kiume, akaruhusiwa kesho yake. Nguo za kichanga zilikuwepo, za binamu yake, zimetunzwa sandukuni na nafthalini kama zinavyotunzwa kila nyumba hapa pwani penye joto na mende. Mtoto akavishwa, chumba kizima kikanuka. Siku ya tatu macho yakawa ya manjano. Tukaenda zahanati. "Mzee, hiyo ni manjano ya kawaida, mwanikeni jua la asubuhi." Tukamwanika. Mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi, akaacha kunyonya, na wakwe wakaanza kumhoji binti yangu alikula nini ujauzito ule, kana kwamba yeye ndiye aliyeiharibu damu ya mtoto kwa makusudi. Tulipofika hospitali kubwa shingo ilikuwa imepinda kwa nyuma na kilio kimekuwa chembamba cha kutisha. Wakamweka chini ya taa ya bluu, wakambadilisha damu. Ndipo daktari mmoja kijana, Mungu amzidishie, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: nguo za mtoto mlizitunza na nini? Kipimo chenyewe kilibidi kisubiri miezi, maana damu aliyopewa ilikuwa ya watu wengine na ingedanganya majibu. Na miezi ilipotimia tukaambiwa vitendanishi vimeisha, njooni tena, na tena. Leo mjukuu wangu anakimbia, anacheza mpira na wenzake, ila ukimwita hageuki. Manjano ilipanda kichwani ikaondoka na masikio yake. Nyie mnaandika bahati nzuri.

Na hivyo vidonge, ni nani anavisimamia? Nendeni stendi mkaone. Vinauzwa kwenye vifuko vya nailoni visivyo na hata herufi moja, kwenye meza ileile ya peremende, na kwa jicho la mtoto wa miaka miwili huwezi kuvitofautisha. Machinga simlaumu, yeye anauza anacholetewa. Nawalaumu wanaojua. Sigara ina onyo, pombe ina onyo, hata kiberiti kina maandishi. Nafthalini haina, na hakuna muuguzi wa kliniki ya wajawazito aliyewahi kumwambia binti yangu aziloweke na kuzianika nguo zile kwanza, ingawa orodha ya pamba, glavu na beseni aliikariri vizuri sana.

Msiniambie habari ya umaskini. Singapore ilianza kupima G6PD kwa watoto wachanga mwaka 1965, mwaka uleule ilipojitenga na Malaysia, wala haikuwa tajiri hata kidogo. Shirika la Afya Duniani nalo lilikwisha kushauri kitambo kwamba penye wanaume wengi wenye upungufu huo watoto wapimwe. Na karatasi ya matone ya damu si mgeni hapa nchini: mtoto wa mama mwenye virusi vya UKIMWI huchomwa kisigino akiwa na wiki sita, tone likakaushwa, na karatasi ikasafiri mpaka maabara. Kwa hiyo sindano ipo, karatasi ipo, na gari la kuipeleka lipo. Inayokosekana ni amri ya kuongeza tone la pili.

Ushauri wangu ni huu. Kadi ya kliniki ina mstari wa BCG na mstari wa polio ya kuzaliwa. Katikati yake pachapishwe mstari mmoja wenye neno KISIGINO, na muuguzi asimruhusu mama kutoka wodini mpaka apige tiki. Kwa waheshimiwa wanaoona gharama ni kubwa, napendekeza kikao kijacho cha bajeti kifanyike kwenye wodi ya watoto njiti, chini ya zile taa za bluu, na posho ilipwe palepale ili wasichelewe.

Babu na mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga