Mangi, nimeteleza kwenye mvua

Mangi wangu,

Shikamoo ya utani, mzima? Masika naona yameshika huko, nimeona stetasi yako uko njia ya Machame na poncho, matope mpaka magotini, nikacheka peke yangu kwenye basi watu wakaniangalia. Maana Jumanne na mimi nilikuwa hivyohivyo, ila nina skii miguuni, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Uliniuliza siku ile, sasa mvua ikinyesha si mnarudi nyumbani? Wenye akili wanarudi. Sisi tulibaki.

Tulitoka Vancouver saa kumi na mbili asubuhi kwenda Whistler, mji wa milimani wa kutelezea huku Kanada, na yule Mfilipino wa kazini, gari lake mafuta yangu, kama kilomita 120 hivi, barabara inafuata ghuba ya bahari afu inapanda milimani, na mvua ilikuwa inapiga tangu tunawasha gari. Nikamwambia bwana turudi, akasema pasi za kupanda lifti tumeshalipa na msimu ndo unaishia. Jamaa kavaa glavu za sufu, afu juu yake glavu za mpira zile za kuoshea vyombo, za njano. Nilimcheka mpaka machozi. Ilipofika saa nne, glavu zangu za maana zimejaa maji ukizikamua zinatiririka kama dekio, sikuwa nacheka tena.

Sasa Whistler pale kijijini ni mita 675 tu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo Aprili chini ni nyasi na mvua tupu. Unaingia kwenye gondola, kile kibanda cha vioo kinachovutwa na waya mpaka mlimani, ukiwa kwenye mvua, katikati ya safari matone yanaanza kuwa mazito meupe yanagonga kioo paa, na ukifika juu kwenye lile jengo la Roundhouse, karibu mita 1,850, uko ndani ya wingu. Wewe wingu la mlimani unalijua kuliko mimi, lakini la kwenu chini yake kuna mawe meusi na njia ya udongo, unaona unapokanyaga. Hapa chini kweupe juu kweupe pembeni kweupe, kama umeingizwa kwenye debe la maziwa wakafunika.

Theluji yenyewe ilikuwa mtori. Sina neno lingine, mtori ule uliopoa. Majira haya ya kuchipua ikiwa mbingu iko wazi inakuwa tamu sana, mchana jua linaiyeyusha usiku inaganda, baada ya siku kadhaa inakuwa punjepunje kama chenga za mchele na asubuhi ikianza kulainika unateleza kama siagi. Ila usiku ukiwa na mawingu yanafunika kama blanketi, joto halitoki, theluji haigandi, afu mvua inaongezea maji juu. Ndo unakuta hiyo kitu nzito, imejaa majani ya misonobari na vijiti. Sehemu yenye mwinamo unaenda vizuri tu, ukifika tambarare maji yanaivuta skii kwa chini kama gundi, skii zinasimama wewe mwenyewe unaendelea na safari. Meno yangu yalipona kwa kudra za Mungu. Kumbe kuna nta maalum ya siku za joto, unapaka chini ya skii, na kuna michirizi midogo wanachonga ili maji yapate pa kutokea. Mfilipino alikuwa amepaka toka juzi, hakuniambia! Ananipita anapunga mkono wa njano.

Ila mtori sio shida kubwa, shida ni macho. Wingu likitandaza mwanga pande zote hakuna kivuli, na bila kivuli huwezi kujua mbele kuna shimo au kuna kichuguu au pameisha. Kuna mahali nilisimama nipumue, yani nimesimama kabisa, nikaona kama bado nashuka. Nikajirudisha nyuma kujizuia. Nikaanguka chali. Nimeanguka nikiwa nimesimama, mangi, na hakuna aliyeniona kwa sababu hakuna aliyekuwa anaona kitu.

Baada ya hapo nikaacha kujifanya. Nikahamia chini kidogo kwenye misonobari, miti myeusi inakupa kitu cha kushika kwa macho, afu nikawa nakata kona fupifupi magoti malegevu, nasikiliza miguu. Mguu unajua kabla yako kwamba hapa pameinuka. Miwani nayo usiifute kwa ndani na glavu mbichi, mimi nilifuta, nikapata ukungu wangu binafsi ndani ya ukungu wa umma.

Lifti za juu kabisa walifunga. Mvua ikiingia kwenye theluji inailemea, inaweza kuporomoka mteremko mzima, kwa hiyo watu wa doria wanaipiga baruti iporomoke kabla ya wateja kufika. Asubuhi tulisikia puu, puu, huko ndani ya weupe, huoni chochote. Nikakumbuka radi za kijijini bibi akisema vueni saa.

Halafu mshamba mimi nikasema tupande ile gondola inayounganisha milima miwili, Whistler na Blackcomb, kilomita 4.4, katikati inaning'inia mita 436 juu ya bonde. Watu wanakuja toka duniani kote kwa hiyo picha. Sisi dakika 11 tumeangalia ukuta mweupe na maji yakichuruzika kwenye kioo. Picha niliyopiga ni kama karatasi, nitakutumia uweke kwenye fremu.

Na usidhani ni sisi wawili tu mvua ilitutesa. Olimpiki ya 2010 mbio za wanaume za kushuka kasi zilikuwa hapahapa, zimepangwa tarehe 13 Februari, mvua na joto vikaharibu njia, wakazisogeza mpaka tarehe 15. Februari hiyo, sio Aprili!

Lakini nikwambie ukweli, foleni haikuwepo hata moja. Jumamosi yenye jua unasubiri lifti mpaka miguu inakufa ganzi, Jumanne tulishuka kama mara kumi na tano hivi, kiti cha watu wanne nakaa peke yangu, makalio kwenye dimbwi. Nilivyokuwa mdogo naiangalia Kibo toka shambani kwa mzee nilidhani theluji ni kitu kikavu, kama chumvi.

Sasa swali langu la kitaalamu kwa guide: mkifika kambi ya Barafu mmelowa, wale wagumu wenu wa kubeba mizigo wanakausha vipi buti usiku? Za kwangu nimezijaza magazeti, leo siku ya tatu, bado mbichi na chumba kinanuka beberu. Mama mwenye nyumba ameshaanza kuuliza.

Msalimie mama Neema na watoto. Jumanne ijayo wanasema mvua tena, na nimeshanunua glavu za njano.

Wako,
Mangi wa baridi