Kodi si ya wenye mishahara peke yao

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini makala iliyotoka juma lililopita katika ukurasa wa watoto, ile ya kueleza maana ya kodi, imenikera kiasi cha kushindwa kunyamaza. Mwandishi aliwaambia watoto kwamba kodi ni fedha inayokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi ili kujenga barabara na shule, na hapo akaweka nukta.

Mjukuu wangu wa miaka 11 aliisoma kwa sauti, akahitimisha: "Basi babu, wewe umestaafu hulipi, na mimi silipi." Nikamwomba alete risiti ya kalamu za rangi alizonunua mchana ule kwa akiba yake mwenyewe. Aliitoa mfukoni mwa sare ikiwa imekunjwa mara nne, tukainyoosha mezani, nikamwonyesha mstari mmoja mdogo juu ya jumla: kodi ya ongezeko la thamani. Aliuwekea kidole, akaniuliza ni nani aliyemkata bila kumwambia.

Swali hilo ndilo makala ilipaswa kulijibu. Kodi ya mapato, ambayo mwandishi ameifanya kuwa ndiyo kodi yote, ni mgeni wa juzi: Uingereza iliianzisha mwaka 1799 ili kugharimia vita dhidi ya Ufaransa, ilhali ushuru wa forodha ulikuwa umetozwa bandarini karne nyingi kabla ya hapo. Mtoto aanze kwa kuelezwa kwamba zipo kodi zinazomwendea mtu au kampuni yenyewe kwa jina, kama ile ya mapato, ya faida au ya majengo, nazo huitwa kodi za moja kwa moja. Kisha aonyeshwe zile zinazokaa ndani ya bei, yaani ushuru wa forodha kwa bidhaa zitokazo nje, ushuru wa bidhaa kwa vitu kama sigara, pombe na mafuta ya magari, na hiyo ya ongezeko la thamani, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1954 na leo inatozwa katika nchi zaidi ya 160. Mwenye duka huikusanya na kuiwasilisha serikalini, lakini anayeibeba ni mnunuzi wa mwisho, awe waziri au mwanafunzi, na kwa kitu kilekile wote wawili hutoa kiasi kilekile, ingawa mifuko yao hailingani hata kidogo. Kodi ya mapato, kinyume chake, katika nchi nyingi huongezeka kiwango kadiri kipato kinavyopanda, na kiwango cha juu hugusa tu ile sehemu ya kipato inayozidi kiasi kilichowekwa, jambo ambalo hata watu wazima wengi hawalijui. Mtoto wa miaka 11 anayaelewa haya yote akielezwa kwa utaratibu, na kumnyima ni kumdharau.

Lipo pia suala la lugha, ambalo vitabu vya shule navyo vimelipuuza. Tunasema mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi, na mwenye nyumba huilipa serikali kodi kwa kodi aliyopokea. Mtoto atofautishe vipi? Kwa malipo ya mpangaji neno pango lipo, litumike. Ada nayo ibaki kuwa malipo ya huduma anayopewa mlipaji mwenyewe, isichanganywe na kodi.

Ninaomba toleo lijalo ukurasa wa watoto uchapishe picha ya risiti moja, kubwa kuujaza ukurasa mzima, mstari wa kodi ukizungushiwa wino mwekundu, na chini yake iachwe nafasi tupu ambapo kila mtoto atabandika risiti ya kitu alichonunua mwenyewe. Mjukuu wangu ameshaitunza ya kwake.

Msomaji wako wa siku nyingi