Mwanangu, Wahesabu Pia Walioondoka

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kuketi kuijibu. Unasema umepewa nafasi katika utafiti wa programu ya simu inayowafundisha watu wenye sonona kuyachunguza mawazo yao, na unajiuliza kama kuingia huko ni kuiacha njia ya kuwa mwanasaikolojia wa tiba. Mimi sioni kwamba unaiacha. Tangu mkutano wa wanasaikolojia huko Boulder, Colorado, Marekani, mwaka 1949, mafunzo ya fani yetu katika vyuo vingi yamejengwa juu ya wazo kwamba mtu yuleyule ajifunze kutibu na kutafiti. Kinachonishughulisha ni jinsi utakavyowatazama watu watakaoacha kuifungua programu hiyo.

Maana wataacha, tena wengi. Mwaka 2019 mtafiti Amit Baumel na wenzake walichapisha uchunguzi wa programu 93 za afya ya akili, wakakuta kwamba kwa kawaida, ifikapo siku ya 30, wanaoendelea kuifungua programu ni kama asilimia 3 tu ya walioiweka katika simu zao. Mtafiti mwingine, Gunther Eysenbach, alikwisha kuandika mwaka 2005 kwamba kuacha njiani ni sifa ya majaribio ya afya yanayofanyika kwa intaneti, na kwamba jambo hilo linastahili kuchunguzwa lenyewe. Chukua jaribio la Woebot, programu ya simu inayozungumza na mtu kwa ujumbe, lililochapishwa mwaka 2017: lilianza na vijana 70, na baada ya wiki mbili waliojaza dodoso la mwisho walikuwa 58. Dalili za sonona zilipungua zaidi kwa waliozungumza na programu kuliko kwa waliopewa kitabu cha maelezo, na watafiti waliieleza wazi idadi ya waliopotea, jambo ninalowaheshimu nalo. Hata hivyo, kila nikiisoma taarifa ile moyo wangu hubaki kwa wale 12. Je, walipata nafuu wakaona hawana haja tena, walichoka tu, au walizidiwa hadi kushika simu kukawa mzigo?

Swali hilo nililipata kwa kosa langu mwenyewe, ambalo sijawahi kukusimulia. Katika miaka yangu ya kwanza kazini nilimhudumia kijana mmoja aliyekuja mara nne, kila mara alama za dodoso lake la dalili zikiwa zimeshuka, nami nikimwonyesha furaha yangu waziwazi. Mara ya tano hakutokea. Niliandika katika faili lake kwamba amepata nafuu, nikamgeukia mgonjwa mwingine. Baada ya miezi mingi alirudi akiwa katika hali mbaya kuliko ile ya mwanzo, akaniambia kwa upole kwamba alikuwa akijaza alama ndogo kwa sababu aliona jinsi zilivyonifurahisha, na siku aliposhindwa kuendelea kunidanganya aliona haya kuja. Namba zangu zilikuwa safi kabisa, na hazikunieleza lolote.

Kwa hiyo, kabla hujatia saini, uliza nani atawatafuta watakaonyamaza, kwa njia gani, na kama walikubali tangu mwanzo kutafutwa. Bila shaka mtatumia PHQ-9, dodoso la kupima ukali wa sonona, lenye maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27. Swali la mwisho humuuliza mtu kama amesumbuliwa na mawazo kwamba ni heri angekufa, au ya kujidhuru. Katika chumba cha tiba, jibu la swali hilo hulisikia ukiwa umeketi mbele ya mtu, ukauona uso wake, ukabaki naye. Katika simu anaweza kulijaza saa nane za usiku. Ni lazima awepo mtu anayejulikana, mwenye zamu, atakayelisoma jibu hilo na kujua la kufanya. Kama jibu utakalopewa ni kwamba programu itamtumia ujumbe wa namba ya dharura na basi, mwanangu, endelea kuuliza.

Kuhusu usiri sitaandika mengi, kwani unakumbuka yaliyotokea Finland mwaka 2020, wagonjwa walipotishwa mmoja mmoja kwa kumbukumbu za tiba zilizoibwa. Usikusanye usichokihitaji.

Takwimu jifunze kwa bidii, lakini usikubali utafiti umeze saa zako za kukaa na wagonjwa chini ya msimamizi. Tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba tiba ya intaneti inayosindikizwa na mtu, hata kwa ujumbe mfupi wa kila wiki, huwashikilia wagonjwa kuliko ile inayoachwa ijiendeshe. Ujumbe huo mfupi huenda ukawa kazi yako, na namna ya kumwandikia mtu aliyekata tamaa utaijua zaidi kwa kuwa umekwisha kuketi na wengi walio kama yeye.

Rasimu ya pendekezo lenu ikiwa tayari, nitumie. Nitaanza na sehemu inayoeleza mtakachofanya mshiriki anapoacha kujibu, na kama bado haijaandikwa, omba uiandike wewe.

Mimi mama yako akupendaye.