Kwa binti wa kaka yangu, kabla hujajaza fomu ya ubingwa

Mwanangu,

Pole na zamu. Baba yako kaniambia umekwishaamua kusomea magonjwa ya ngozi. Sina neno na ngozi. Wenye ualbino wanapoteza maisha kwa saratani ambayo ingezuilika, na pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna watu wanaowatengenezea mafuta ya kuwakinga na jua. Ni kazi ya heshima. Kilichoninyima usingizi ni sababu uliyoitoa: eti upasuaji haumfai mwanamke anayetaka kuolewa na kuzaa. Wakati ni wewe uliyenipigia simu usiku, sauti imejaa furaha, kunieleza ulivyoachiwa kufunga kidonda cha mgonjwa wa kidole tumbo, na bingwa akakwambia mkono wako umetulia.

Naiandika barua hii hadharani kwa sababu wenzako wengi wanapewa ushauri huohuo kwenye korido za wodi, na hawana shangazi aliyepita njia hii.

Nani alikuuliza utazaa lini? Kaka yako naye ni intern mwaka huu, naye anataka watoto. Kuna aliyemuuliza? Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku 3. Siku 3 hazimtoshi mtu hata kujua mtoto analia kwa njaa au kwa tumbo. Kwa hiyo mkuu wa idara akiwatazama nyinyi wawili, anamwona mmoja atakayekosekana na mwingine atakayekuwepo, na anatoa "ushauri". Wewe ukaupokea kama mapenzi yako mwenyewe. Hapo ndipo tunapogombana.

Mwaka 2016 ilichapishwa hesabu ya madaktari bingwa wa upasuaji katika nchi za COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Wanawake walikuwa takriban asilimia 9. Darasa lenu la udaktari halikuwa hivyo, unajua. Wengine wanakwenda kwa watoto, kwa macho, kwa afya ya jamii, na wapo wanaokwenda kwa mapenzi ya kweli. Profesa Esther Mwaikambo, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari, alibobea kwa watoto, na mwaka 1987 akawa mbele kuanzisha MEWATA, chama cha madaktari wanawake Tanzania. Asikwambie mtu kwamba watoto ni fani nyepesi. Kalale zamu moja wodi ya watoto wachanga ndipo uzungumze. (Na yule mwenzako wa kiume anayependa vichanga, ambaye wenzake wanamwambia hiyo ni kazi ya kina mama, mwambie asiwasikilize. Naye anaibiwa.)

Sikufichi ugumu. Stoo utakuta glavu namba 7 na nusu na 8, mkono wako unataka 6. Ncha zinabaki na nafasi, uzi unateleza unapokaza fundo. Agiza zako mapema, na mzoeze msimamizi wa thieta, chumba cha upasuaji, kukuwekea. Meza itakuwa imepandishwa kwa kimo cha mwanamume. Omba kigoda kabla hujanawa, usivumilie kunyanyua mabega saa nne nzima. Utamweleza mgonjwa kila kitu, kisha atakuuliza, "Sista, daktari anakuja saa ngapi?" Usimkasirikie. Mwambie, "Mimi ndiye nitakayekupasua," halafu kaa naye mpaka akuamini.

Ila nataka uone na upande wa pili. Wanawake wetu wanakuja na saratani ya titi ikiwa imechelewa mno, ngozi imeshapasuka, harufu inafika mlangoni. Sababu ni nyingi: nauli, waganga, hofu ya kukatwa. Lakini mgonjwa mmoja aliniambia wazi kwamba kila alipofika kliniki alikuta wanaume, akafunga khanga yake akarudi nyumbani. Kwa mwanamke kama huyo, wewe kuwepo chumbani ni sehemu ya matibabu. Na kama kuna anayetilia shaka mikono yetu, huko Ontario, Kanada, walifuatilia wagonjwa zaidi ya laki moja, matokeo yakachapishwa mwaka 2017: waliopasuliwa na wanawake walikufa wachache kidogo ndani ya siku 30 kuliko waliopasuliwa na wanaume. Tofauti ni ndogo, ila haipo upande ule wanaoutaja kwenye korido.

Jirani zetu Rwanda wana Claire Karekezi, mwanamke wa kwanza nchini mwao kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo. Alisomea Morocco, akaenda Kanada, akarudi kwao kufanya kazi.

Ukinijibu kwamba unapenda ngozi, kwamba ukiona upele unataka kujua chanzo chake, nitakuchangia ada bila swali la pili. Lakini kwanza omba kuingia thieta tena, siku ambayo hupangiwi. Kaa na mwanamke aliyeko mwaka wa pili wa uzamili, umuulize nani anabaki na mtoto wake usiku wa zamu na analipwa kiasi gani. Kisha mwulize bingwa wa kiume mwenye watoto swali hilohilo, neno kwa neno. Niandikie wamejibu nini, wote wawili.

Shangazi yako